Priampu ya tyubu, used, imeandikwa 117V, naanzaje? Nipo Arusha

mtu_wa_sakina
Wakuu habari za jioni, kuna mzungu huku Njiro alikuwa anarudi kwao Marekani akawa anauza vitu vya ndani, nikaondoka na priampu ya kizamani yenye tyubu nne, zile za kioo zinazowaka ndani kama kibatari. Kasema imekaa stoo miaka mingi. Nyumbani nina amplifaya ya kawaida, spika mbili na pleya ya santuri za marehemu mzee. Sasa nyuma imeandikwa 117V 60Hz, halafu sioni pa kufunga waya za spika kabisa, nimepigwa au? Plagi yake ya bapa nimeshaipatia adapta, nataka niwashe leo leo

mangi_pasua
USICHOMEKE! Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, umeme ni ule ule 230. Tafuta transfoma ya kushusha, ya wati 100 kwa priampu inatosha. Ila haigusi Hz, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, zinabaki 50, na transfoma ya ndani iliyotengenezewa 60 huwa inapata moto zaidi kidogo, kwa hiyo baada ya nusu saa gusa kifuniko upande ilipo, kama mkono haukai zima.

Hujapigwa mkuu, priampu haiendeshi spika, kazi yake ni kukuza sauti ndogo ya pleya kabla haijafika kwenye amplifaya. Pleya ingiza kwenye Phono, tundu la pleya ya santuri, kale kawaya kembamba ka ethi kafunge kwenye skrubu yake, output iende Aux ya amplifaya, tundu la vyombo vingine. Sio Phono ya amplifaya, hapo sauti ishakuzwa tayari, itakwaruza mpaka uichukie. Na amplifaya iwe ya mwisho kuwashwa, ya kwanza kuzimwa.

fundi_mstaafu
Kijana, mangi kasema vizuri ila karuka kapasita, vile vikopo vya kutunza umeme. Chombo kilichokaa miaka usikipe umeme wote kwa mpigo, kapasita za ndani zikiwa zimekauka zinapasuka au zinaondoka na transfoma. Funga bulbu ya nyuzi ya wati 100 kwenye waya mmoja kabla ya transfoma ya kushusha, umeme upite kwenye bulbu kwanza. Ikiwaka kwa nguvu mara moja halafu ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu kuna shoti, chomoa. Na usitie vidole ndani hata ukishachomoa, mle kuna volti 250 mpaka 300 na kapasita zinautunza, mimi ulishanirusha nikaangukia kwenye kapu la bisibisi.

mama_vifaranga
Hizo bulbu madukani siku hizi ni LED tupu, nenda duka la vifaa vya kuku, sisi wa vifaranga bado tunazo 😂

mtu_wa_sakina
Nimerudi. Shikamoo mzee fundi, bulbu imefifia kama ulivyosema, nimeiacha hivyo dakika kumi hivi nikaitoa, haijanuka wala kutoa moshi. Tyubu zimewaka zote na mzee wangu anaimba tena sebuleni. Ila kuna mvumo mmmmm hauishi, na spika ya kushoto inapasuka pasuka

mangi_pasua
Transfoma ya kushusha umeiweka wapi, usiniambie iko chini ya priampu

mtu_wa_sakina
Iko chini yake 🙈

mangi_pasua
Itoe, isogeze mita moja. Huko kupasuka, zima kila kitu, zikipoa badilishana tyubu ya kushoto na ya kulia zenye namba moja. Kelele ikihamia kulia basi ni tyubu, isipohama ni soketi ina kutu au kapasita. Au gonga kila tyubu taratibu kwa penseli ikiwa inawaka, mbovu inalia kwenye spika kama kengele.

mtu_wa_sakina
Mvumo umepungua sana, lazima utege sikio kwenye spika. Kelele imehamia kulia, kwa hiyo ni tyubu. Imeandikwa 12AX7 ila jamaa mmoja anayo ECC83

fundi_mstaafu
Marahaba. Ni kitu kimoja, 12AX7 ni jina la Marekani na ECC83 la Ulaya. Chukua, ila ijaribu kwanza ndio umlipe.