"Njoo inboksi" ndo inaua magrupu ya mafundi, halafu lawama mnawapa wanaouliza

Habari zenu wakuu. Naomba mnivumilie leo sina lugha ya kubembeleza, hili jambo limenifika hapa shingoni.

Nipo kwenye magrupu ya ufundi simu na kompyuta muda mrefu, ya WhatsApp na ya Telegram, na ndo kazi yangu, nashinda mezani na blowa na bisibisi. Kila asubuhi nikiwasha data nakutana na maswali yale yale. Wakuu simu imeomba Gmail ya zamani nifanyeje. Wakuu inachaji ila haijai. WhatsApp yangu imefungiwa naombeni msaada. Hivi laptop yangu itakubali Windows 11? Ikifika saa nne lile la kwanza limerudi na mtu mwingine kabisa, jioni kaja wa tatu. Halafu wanaibuka wakongwe wa grupu, "hili si tumeshajibu jana jamani", "vijana wa siku hizi wavivu kusoma", na kuna jamaa mmoja ana stika maalumu ya kumcheka anayeuliza, anaitupa kila siku utadhani analipwa kwa stika.

Sasa nawauliza nyie wakongwe, hilo jibu la jana liko wapi? Nionyesheni nilione.

Maana mimi nimelitafuta. Juzi kaja mteja na Samsung A10s inayogoma kuflashi, yaani kuwekwa mfumo upya, nikajua kabisa hii ishu iliwahi kupita kwenye grupu letu, nikaingia kutafuta. Swali nikalikuta, zuri tu, mtu kaeleza vizuri na picha kaweka. Nikashuka chini kuangalia majibu. Wa kwanza: "njoo inboksi". Wa pili: "nicheki pm". Wa tatu: "ipo hiyo, nipigie". Wa nne: "dah ata mi ilinisumbua sana hiyo". Kisha mwenye swali anarudi kesho yake, "asanteni wakuu imekubali, Mungu awabariki".

IMEKUBALI NINI? Imekubali kwa faili gani, kwa njia ipi, nani kakusaidia? Kaondoka zake na jibu lake mfukoni, na aliyemjibu kaondoka na lake, sisi wengine mamia humo ndani tumebaki na baraka za Mungu. Halafu kesho mtu wa pili akija na A10s anaambiwa atafute juu. Atafute nini sasa, hiyo Mungu awabariki?

Na ngoja niseme kilichokuwepo kwenye hiyo ishu ili muone ni kitu kidogo kiasi gani. Mwenye swali alikuwa anaflashi kwa Odin, ile programu ya kompyuta ya kuflashi Samsung, inafeli, simu inaandika kwa maandishi mekundu madogo juu SW REV CHECK FAIL na namba mbili pembeni. Hiyo maana yake simu iko binari (namba ya ngazi ya mfumo wake) ya juu kuliko faili ulilodownlodi, na Samsung hairuhusu kurudi nyuma hata uilazimishe vipi. Unaangalia jina la toleo lililopo kwenye simu, unahesabu herufi kutoka mwisho kurudi nyuma, ya tano ndo binari. Simu ikiwa 8 unatafuta faili la 8 au zaidi, la 7 usijisumbue hata kulidownlodi, utamaliza bando bure. Basi. Mistari mitatu. Ingekuwa imeandikwa pale chini ya swali, tena na namba ya modeli SM-A107F ili mtu akitafuta aipate, hilo swali lingekufa siku hiyo hiyo. Badala yake watu wanalibeba kwenda inboksi kama mahari.

Najua mtakachosema, hii ni kazi na mtu anakula hapo. Sikatai, ata mi nakula hapo hapo. Ukimfungulia mtu simu kwa rimoti ukatumia krediti zako za tuli, zile programu za kufungulia simu, ulizonunua kwa hela yako, mtoze, tena mtoze vizuri, hiyo ni kazi sina shida nayo. Ila kumwambia mtu "angalia binari" siyo kazi ya kulipwa, ni sekunde kumi. Na mara nyingi ukimfuata huyo mtu inboksi unakuta hajui lolote, anataka tu akupe bei kwanza kisha yeye ndo aende kwenye grupu lingine kuuliza kwa niaba yako! Nimewaona. Swali moja linazunguka magrupu matatu, kila mtu kaongeza cha juu, alafu mnashangaa maswali yanajirudia.

Kwenye FRP, ile simu kuomba Gmail ya zamani, ndo balaa zaidi. Tangu Google walete huo ulinzi kwenye Android 5.1 mwaka 2015, simu ikiriseti kwa vitufe inadai akaunti iliyokuwemo mwanzo. Miaka yote hiyo, na mpaka leo hakuna posti moja ya Kiswahili kwenye hayo magrupu inayomweleza raia wa kawaida kwamba, mzee, ukitaka kuuza simu yako iriseti ukiwa ndani kwenye mipangilio na akaunti uitoe kabisa, usiriseti kwa vitufe. Kwamba kama ni simu yako na umesahau nywila irudishe kwa njia ya Google yenyewe kupitia namba yako, na ukishabadili nywila tulia saa 24 kwanza kabla ya kuriseti, wenyewe Google wanasema hivyo. Hiyo ingepunguza maswali karibu nusu. Wanaobaki ni waliouziwa simu mkononi hawana boksi hawana risiti, na hao tuseme ukweli baadhi ni simu za watu, ndo maana wanapenda kuongelea gizani. Hilo ni jambo la uzi mwingine.

Turudi kwenye majibu. Ata wale wenye roho nzuri wanaojibu hadharani wanajibu kwa voisi. Voisi ya dakika nne, jogoo anawika nyuma, katikati kasimama kuongea na mteja wake "hiyo kava elfu tano dada", halafu anarudi "enhee kwahiyo mkuu hapo sasa". Nani ataitafuta hiyo? Kisanduku cha kutafuta kinasoma maandishi, hakisikilizi. Mwingine anatuma skrinishoti ya jibu kutoka grupu lingine, ni picha, nayo haitafutiki. Mwingine anajibu "kama alivyosema kaka hapo juu", kaka gani, hapo juu wapi, na ujumbe wenyewe umeshafutwa.

Na sasa nifike kwenye kilichonifanya nifungue huu uzi. Grupu letu moja la WhatsApp, sitalitaja, admini kaweka ujumbe unaotoweka. Siku saba. Yaani kila kinachoandikwa humo kinajifuta baada ya wiki, eti watu walilalamika simu zinajaa. Halafu admini HUYO HUYO juzi kamtoa kijana kwenye grupu kwa kosa la kuuliza swali ambalo "limeshajibiwa". Limejibiwa lini bosi, na wewe mwenyewe ndo umeweka mtambo wa kulifuta? Kijana wa watu kaingia wiki hii, kwenye WhatsApp mgeni hazikuti zile stori zetu za miaka yote ya nyuma, na ata angezikuta wewe umezifagia. Alitakiwa aoteshwe?

Simu kujaa dawa yake inajulikana, kila mtu azime kudownlodi picha na video zenyewe, mipangilio iko pale. Maandishi hayajazi simu. Kinachojaza ni video za mahubiri na za mpira mnazotupia humo usiku.

Telegram nako wanafanya vituko vyao. Grupu la siri likianzishwa, historia kwa mwanachama mpya imefichwa mpaka admini aingie aifungue mwenyewe. Ni kitufe kimoja! Nina magrupu mawili ambayo nimewaomba, wote wakanijibu "tutaliangalia". Toka 2022 Telegram wameleta mada ndani ya grupu, unaweza kuwa na chumba cha Samsung peke yake, cha Tecno na Infinix peke yake, cha kompyuta peke yake, na kila chumba unabandika ujumbe wake juu. Grupu ninazozijua zinazotumia hicho kitu ni za kuhesabu, na zenyewe sehemu kubwa ni za Wahindi. Sisi kilichobandikwa juu ni bei za vioo na namba ya kumtumia admini hela.

Hivi mnadhani hili tatizo limeanza kwetu? Wazungu walikuwa nalo kwenye Usenet, magrupu ya majadiliano ya kompyuta ya miaka ya 80 huko, kabla ata ya hizi tovuti. Ujumbe ulikuwa unafutika kwenye seva baada ya muda kama huu wa admini wetu, kwahiyo walichofanya wakaandika maswali yanayojirudia pamoja na majibu yake kwenye waraka mmoja, na kuna watu kazi yao ilikuwa kuuposti upya kila baada ya muda, mwezi ukiisha unarudi. Hakuna aliyesubiri mgeni afukue. Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandika programu, toka imeanza 2008 swali likijirudia wanalifunga na kuliunganisha na lile lenye jibu, ila mengi hawayafuti, wanayaacha kama kibao cha barabarani, maana kila mtu anatafuta kwa maneno yake. Na sisi ndo hivyo hivyo, huyu ataandika FRP, huyu "imelock Gmail", huyu "inaleta akaunti ya mwenye simu wa kwanza", wote wanataka kitu kimoja. Wale jamaa nao wamelalamikiwa sana kwa ukali kwa wageni, siwapambi, lakini jibu lenyewe unalikuta.

Na msiniambie "si waende Google". Google wataenda, watakuta Kiingereza, au video ya Mhindi anayeonyesha kwa kidole bila kuongea, simu nyingine toleo lingine. Mtu ana bando la WhatsApp tu la siku, YouTube kwake ni anasa. Anakuja kuuliza kwenye grupu kwa sababu ndo sehemu pekee anapoelewa lugha na ndo sehemu pekee bando lake linafika. Huyo siyo mvivu, huyo kapiga hesabu zake vizuri kuliko wewe unayemtupia stika.

Wapo wavivu, ndio. Kuna mtu anaandika "simu haiwaki nisaidieni" hataji aina, hataji ilianguka au iliingia maji, ukimuuliza anakujibu baada ya masaa sita "ni Tecno". Tecno ipi ndugu yangu, ziko mia. Hao wananiudhi pia. Lakini hao ungewamaliza kwa ujumbe mmoja wa kumpokea mgeni: andika modeli kamili, toleo la Android, nini kilitokea kabla, umeshajaribu nini. Na kama ishu ni IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, abonyeze *#06# atume namba 15 kwenda 15090 kwanza ajue simu yake ni halali au la, maana toka TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, wazime zile feki Juni 2016 mpaka leo kuna watu wanauliza kwanini laini haisomi wakati simu yenyewe ni kopi. Telegram boti linatuma hayo lenyewe, hulipi kitu.

Kwenye Windows ndo sina ata hamu. Kila wiki "Windows 10 imefungwa je laptop yangu itazima?" Haizimi! Msaada wa kawaida umekoma 14 Oktoba 2025, maana yake ni zile apdeti za usalama, mashine inawaka kama jana na kuna mpango wa kuongezewa muda wa hizo apdeti. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, kwahiyo hizi mtumba za kizazi cha 4 mpaka cha 6 tulizonazo wengi hazimo. Haya nimeandika, hadharani, bure. Mtu akiuliza tena mtumieni hii aya, msimwite inboksi.

Ninachotaka ni hivi. Ukisaidiwa inboksi rudi kwenye grupu uandike kilichofanya kazi, kwa maandishi, na modeli yake, usipofanya hivyo usisaidiwe tena, hiyo iwe sheria na admini aisimamie kwa ukali ule ule anaotumia kutoa watoto wa watu. Ukijibu kwa voisi sawa, weka mstari mmoja chini wa maandishi na hashitagi ya modeli. Ujumbe unaotoweka uzimwe LEO. Na admini wa Telegram fungueni historia.

Admini wetu nimemtumia haya yote moja kwa moja kabla sijaja huku. Alichonijibu ni "mkuu njoo inboksi tuongee". Nilikuwa inboksi kwake tayari.

Kama kuna mdau ana grupu la mafundi ambalo majibu yanabaki, weka linki hapo chini nihamie. Za kuuza vioo na za kubeti msiniwekee.