Tairi lina kashata (meno ya kushika barabara) lakini limezeeka: tupeane uzoefu wa kulitambua

Mzee wa Jeki: Wakuu, uzi huu si wa vipara, yaani matairi yaliyoisha kashata. Kipara hata trafiki anakiona kwa mbali. Tunazungumzia tairi lenye kashata nzuri ambalo mpira wake umekufa. Naanza na umri. Tafuta neno DOT ubavuni, kisha soma tarakimu nne za mwisho: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Ukikuta tatu tu, hilo ni la kabla ya 2000, hata bei usiulize. Nje hakuna tarehe? Ingia uvunguni na tochi, mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanasema badilisha baada ya miaka 6. Michelin, watengenezaji wa matairi, wanaweka kikomo cha 10, spea ikiwemo. Kwa jua letu, shika 6.

Kipimo32: Niongezee sababu, maana wengi hudhani lililokaa stoo ni jipya. Mpira huwekwa nta na dawa ya kuukinga na hewa ya ozoni. Tairi likitembea na kunyumbulika, dawa hiyo hupanda juu. Gari lililoegeshwa juani miezi minane halipati kinga hiyo. Ndani nako oksijeni inakausha mpira ulioshikilia waya za ndani ya tairi, unaanza kuachia kwenye kingo za waya hizo. Sasa lipeleke barabara ya Chalinze–Segera saa nane mchana, limejaa abiria, upepo psi (kipimo cha upepo wa tairi) 22 badala ya 32: ganda la juu la tairi linabanduka lote. Kabla ya hapo huwa kuna uvimbe, au usukani unatetema hata baada ya kubalansi.

Pancha Saa Zote: Tairi la mtumba osha kwa sabuni kwanza! Ile dawa ya kung'arisha inaziba nyufa. Kisha kandamiza ubavu kwa vidole gumba viwili, na upanue mifereji ya kashata. Vijistari kama unywele vikifunguka na ukucha ukanasa, liache. Angalia pia mifereji isiyolingana kina: limechongwa upya kwa kisu cha moto, na la gari dogo halina mpira wa ziada wa kuchonga.

Mzee wa Jeki: Hapo kwenye kuchonga umenena, mkuu.

Noah ya Mkoani: Magari kutoka Japani huja na matairi yaliyoandikwa STUDLESS. Ni ya theluji, mpira wake laini, kwenye lami ya moto yanalika upesi. Na ukinunua mawili tu mapya, yafunge nyuma hata kama gari linavutia mbele. La mbele likipasuka usukani unakuambia. La nyuma likipasuka gari linazunguka.

Kipimo32: Likipasuka usikanyage breki. Shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta taratibu, gari lipungue lenyewe ndipo utoke pembeni. Spea nyembamba yenye herufi T inataka psi 60 na isizidi kilomita 80 kwa saa. Valvu ya mpira nayo badilisha kila unapofunga tairi jipya, inazeeka vilevile.