Siku niliyopiga simu redioni: wana Mombasa tupeane uzoefu

Mwana wa Kisauni:
Assalaam aleikum, na habari za asubuhi kwenu nyote. Juzi nilikuwa kwenye matatu kutoka Kisauni, dereva kafungulia kipindi cha asubuhi, mada ni taka za sokoni Kongowea. Mama mmoja akapiga, akaeleza anavyovuka maji machafu na kapu la nyanya kichwani, mkono mmoja umeshika kapu, mwingine umekunja leso isilowe. Matatu nzima ilinyamaza. Hata makanga aliacha kudai nauli. Nikawaza, humu ndani ni wangapi mmewahi kupiga mkasema yenu? Ilikuwaje, na ilizaa nini?

Naanza mimi. Mtaani kwetu bomba lilikauka wiki tatu. Maji ya chemchemi za Mzima husafiri zaidi ya kilomita 200 kutufikia, hilo nalijua, lakini wiki tatu! Tulikuwa tukinunua kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20, kila siku mitungi sita maana nyumbani kuna mgonjwa. Nikapiga mara kumi na moja ndipo laini ikashika. Kitu cha kwanza nilichoambiwa: "Punguza redio yako, ndugu." Nikasema yote, nikataja na idadi ya mitungi. Mtangazaji akampigia mhusika papo hapo, tukamsikia akiahidi. Maji yalikuja siku ya nne, saa mbili tu, yakakatika. Ila jirani ambaye hatukuwa tukisalimiana alinisikia, akaniletea mitungi miwili mlangoni, akakataa pesa. Hiyo sijaisahau.

Mama wa Likoni:
Mimi navuka feri kila siku, ningepiga kila siku. Lakini nilipiga mara moja tu. Kipindi kilikuwa kinazungumzia usalama wa vivuko, kijana mmoja akasema watu wa kusini wanalalamika mno. Nikashika simu hapo hapo na mikono yangu ina unga. Nikamwambia, mwanangu, tarehe 29 Aprili 1994 wewe hujazaliwa. Feri ya Mtongwe ilizama, watu zaidi ya 270 wakafa, na ndani yake alikuwamo mjombangu, ametoka nyumbani asubuhi kwenda kazini. Sikuweza kuendelea. Mtangazaji hakunikata wala hakuweka muziki, alisubiri tu. Baadaye yule kijana akapiga tena: "Mama, nisamehe, sikujua." Mpaka leo namwombea dua, ingawa simjui sura.

Utingo wa zamani, Changamwe:
Yangu ni ya 2019, serikali ilipotaka makontena yote yanayoingia yabebwe na reli mpya. Malori yakasimama, nami nikasimama nayo. Nilipiga kipindi cha siasa, nikapewa dakika moja. Dakika moja ya kueleza gereji, mama ntilie, walinzi wa yadi, wote waliokuwa wakila kwa lori moja! Aliyenifuatia akasema reli ni maendeleo, tuzoee. Nilikasirika sana. Nasema wazi: wanasiasa hupewa saa nzima studioni na chai juu, sisi tunahesabiwa sekunde. Warekebishe hilo.

Mjukuu wa Kibokoni:
Uncle wa Changamwe, pole, na uko sawa kuhusu dakika.

Mimi nataka kusema habari ya Mei 2020. Mji wa Kale ulifungwa kwa ajili ya korona, haingii mtu, hatoki mtu. Babu yangu kila jioni alikuwa na baraza lake la kahawa, miaka na miaka, wazee watano na deli moja la kahawa. Ghafla hakuna baraza. Alikonda, wallahi, na hakuwa mgonjwa. Siku moja akasikia sauti ya mwenzake wa barazani hewani, anazungumzia bei ya samaki. Babu akaniambia, "Nipigie hapo." Tangu siku ile wakawa wanakutana redioni. Mmoja anapiga, anasema lake, mwingine anapiga kumjibu. Babu alikuwa akijipikia kahawa chungu kabla ya kipindi, anamimina vikombe viwili, kimoja anakiweka upande wa pili wa mkeka.

Mwalimu wa Majengo:
Mjukuu, umeniliza.

Kwangu ni lugha. Mwanangu alisahihishwa shuleni kwa kusema "mato" (macho) na "mtele" (mchele), akarudi nyumbani ameona haya. Usiku ule kulikuwa na kipindi cha utamaduni. Nikapiga kuuliza, Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, ni kosa tangu lini? Simu zilizofuata zilijaa: ndia (njia), kitwa (kichwa), ndoo (njoo), kila mtu na neno la bibi yake. Mzee mmoja akakumbusha kwamba neno "runinga" tulipewa na Sheikh Ahmed Nabhany, mtu wa Pwani hii hii. Akamwita mwanangu hewani, akamwambia: shuleni andika "macho", nyumbani tazama kwa mato. Kesho yake mtoto aliyaandika maneno hayo nyuma ya daftari.

Mgeni wa Tudor:
Mimi sijawahi kupiga. Namba naijua kwa moyo, nikifika kubonyeza moyo unaenda mbio. Nyumba tunayokaa kodi imepandishwa mara mbili mwaka huu. Je, nikipiga lazima nitaje jina?

Mwana wa Kisauni:
Si lazima, dada. Sema "msikilizaji wa Tudor", inatosha. Andika mambo yako matatu kwenye karatasi, anza na lile zito, usianze kwa salamu ndefu maana watakukata.

Jamani, leo asubuhi yule mama wa Kongowea amepiga tena. Lori limekuja limezoa taka, ila mtaro hawakuugusa. Amesema Jumatatu atapiga tena.