Naomba ushauri: niwafundisheje vijana kuhusu mahubiri ya wamisionari na utumwa?

Mlezi wa Vijana
Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mlezi wa vijana katika kanisa moja hapa Nairobi, na nimepewa vipindi viwili vya Jumapili alasiri kuzungumzia mahubiri ya Kikristo kuhusu utumwa enzi za ukoloni. Jambo hili lilianzishwa na kijana wa chuo kikuu aliyesoma Waefeso 6:5 mbele ya wote, pale Paulo anapowaagiza watumwa wawatii mabwana zao, kisha akauliza kama si andiko hilo lililotumiwa kuwanyamazisha babu zetu. Wazee wa kanisa wanataka nimjibu kwa kusimulia tu habari za Frere Town, kijiji cha misheni kule Mombasa cha watumwa waliookolewa, na kufunga kwa sala. Vijana nao wametumiana kwenye simu habari za ile Biblia ya watumwa iliyopunguzwa, na wanaamini kwamba ndiyo iliyoletwa Kenya. Nianzie wapi bila kumdanganya yeyote?

Mwalimu Mstaafu
Ndugu Mlezi, anza na hiyo Biblia, kwa sababu usipoiweka mahali pake itakuvurugia mazungumzo yote. Ilichapishwa London mwaka 1807 kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza. Habari za Musa kuwatoa Waisraeli Misri ziliondolewa, na Wagalatia 3:28, inayosema hapana mtumwa wala huru, ikaondolewa pia, ilhali Yusufu mtumwa mwaminifu aliachwa. Haikuandaliwa kwa ajili yetu. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, Uingereza ilikuwa imekwisha kupiga marufuku utumwa katika visiwa hivyo.

Hata hivyo, usiwape wazee ushindi wa bure. Shirika la kimisionari la Kianglikana lilirithi mashamba ya Codrington kule Barbados, na watumwa wake walichomwa kifuani chapa yenye jina la shirika hilo. Kanisa la Uingereza liliomba radhi kwa ajili hiyo mwaka 2006. Kijana wako ana haki ya kuuliza.

Mjukuu wa Kisauni
Mimi naishi South B, lakini ukoo wetu unatokana na watu wa Frere Town, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha. Kijiji hicho kilianzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa na manowari za Waingereza kutoka katika majahazi ya watumwa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo wazee wako wanaipenda. Sehemu wanayoiruka ni ya watoro, yaani watumwa waliotoroka mashamba ya Pwani na kukimbilia misheni. Sheria ya Sultani wa Zanzibar, aliyemiliki Pwani wakati huo, iliwatambua mabwana zao kuwa wenye mali, na wakuu wa misheni hawakutaka ugomvi, hivyo mhubiri aliyetangaza ukombozi siku ya Jumapili aliweza kutakiwa kumrudisha mtoro siku ya Jumatatu.

Pale Rabai, kituo kingine cha misheni karibu na Mombasa, aliyewapokea watoro kwa wingi alikuwa Mchungaji William Jones, Mwafrika ambaye mwenyewe alikuwa ametekwa utumwani utotoni, akakombolewa na kusomeshwa India. Mambo yalipofikia ukingoni, Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa aliwalipa mabwana fidia, na mwanzoni mwa mwaka 1889 watoro wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru. Waliolipwa ni mabwana. Mtumwa hakupata hata pesa moja kwa miaka aliyolima. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika Pwani ya Kenya hadi mwaka 1907.

Msomaji wa Buruburu
Kwa nini mnaishia Pwani, wakati vijana wenyewe ni wa Nairobi? Mwaka 1919 Gavana Northey aliwaagiza maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi kwa walowezi, na kila mtu alijua kuhimizwa na chifu kulimaanisha nini. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Daktari Arthur wa misheni ya Kiskoti, waliandika waraka wa kulalamikia mpango huo, lakini ndani yake wakakubali kwamba kazi ya lazima inaweza kuwapo endapo itawekewa sheria na mipaka. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliikataa kabisa, akachapisha kijitabu cha kuipinga mwaka 1920. Ningekuwa wewe, ningewaachia vijana wabishane juu ya tofauti hiyo, kwa kuwa pande zote mbili zilisoma Biblia ileile, nzima.

Mlezi wa Vijana
Nawashukuru nyote. Kipindi cha kwanza kitakuwa cha Jones na watoro, cha pili kiwe cha mwaka 1919, na Biblia ya Karibi nitaimaliza kwa dakika chache mwanzoni. Kinachonitia wasiwasi ni wazee, hasa habari ya maaskofu.

Mwalimu Mstaafu
Wape muhtasari wa vipindi vyote viwili wiki moja kabla, kwa maandishi, na jina la Weston liwemo. Ni vigumu mzee wa kanisa kudai kwamba unalipiga vita kanisa wakati aliyesema kwa ukali zaidi alikuwa askofu.