Mliohamia Arusha na Moshi, hasa upande mkavu wa mlima: misimu ikoje? Tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Mdogo wangu kahamishiwa Longido kikazi, anatokea Tanga. Kaniuliza, "Kaka, huko kuna baridi?" Nikashindwa kumjibu kwa neno moja. Huku kwetu kabla hujauliza ni mwezi gani, uliza kwanza umekaa upande gani wa mlima. Upepo wa kusi unakuja na unyevu wa baharini, unagonga Kilimanjaro na Meru kwa kusini, na mvua nyingi inaishia hapo. Ndiyo maana Machame, Kibosho na Marangu ni migomba na kahawa, halafu ukizunguka nyuma hadi Ngarenanyuki, Oldonyo Sambu au Longido unakuta migunga na vumbi.

Mimi niko Njiro, hapa Arusha mjini, ya kwangu ni mafupi. Masika Machi hadi Mei. Kipupwe Juni hadi Agosti, mawingu yanalala juu ya Meru asubuhi nzima, mgeni anaweza kumaliza wiki hajauona mlima. Vuli Novemba na Desemba, ikijisikia. Januari na Februari jua. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata jua likiwaka, ukiingia kivulini unatafuta sweta.

Wa upande mkavu, uwanja wenu.

Ticha wa Longido

Mkuu, mdogo wako aje na mafuta ya mgando na madumu. Sweta atalinunua hukuhuku.

Sisi baridi yetu ni ya usiku. Anga halina mawingu, joto lote la mchana linapotea jua likizama. Saa nane mchana umekunja mikono ya shati, saa kumi na moja alfajiri umejifunga shuka la Kimasai juu ya jaketi. Midomo inapasuka, na watoto wageni wengine hutoka damu puani kwa ukavu wa hewa. Wasipelekwe kwa mganga, wapakwe mafuta.

Kuanzia Agosti hadi mvua za vuli ni vumbi. Unafuta meza, unakwenda kuchota chai, ukirudi unaweza kuandika jina lako juu yake. Vile vimbunga vidogo vya vumbi vinatembea uwandani kama watu wana safari zao. Nguo hapa zinaanuliwa mapema, kabla upepo wa mchana haujaanza.

Maji, siku hizi kuna mradi unaoyaleta kwa bomba kutoka Mto Simba, upande wa Siha, na umepunguza adha. Ila nyumba isiyo na tangi usiipange, hata mwenye nyumba akikuapia.

La mwisho ni makorongo. Unakuta korongo kavu, jua linawaka, mvua hujaiona. Kumbe imenyesha juu mlimani. Maji yanashuka na mawe na magogo. Ukiona wenyeji wamesimama ukingoni na pikipiki zao wamezima, na wewe zima.

Mama Nyanya

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu marahaba.

Mimi niliolewa Ngarenanyuki nikitokea Marangu. Kwetu mvua ilikuwa inanichosha, huku naihesabia siku. Nyanya na vitunguu tunalima kwa mfereji, na kiangazi maji ni ya zamu. Zamu yako ikiangukia saa tisa usiku, unaamka na jembe na tochi. Ukizembea, jirani anakufungulia kwake, na ugomvi wa mfereji haupoi haraka.

Mtu asiwadanganye kuhusu maji ya kunywa. Maeneo mengi kuzunguka Meru yana floraidi nyingi, inaharibu meno ya watoto yanakuwa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki. Mwenye watoto wadogo aulize kijijini chanzo kipi kimepimwa, au akinge ya mvua masika.

Kijana wa Majengo

Mnatisha watu jamani. Waambieni pia kuna Moshi. Sisi tuko mita 800 na kitu, Januari na Februari feni inazunguka usiku kucha na shuka unalipiga teke. Halafu unapanda daladala ya Kibosho kumsalimia bibi, nusu saa tu unaanza kutetemeka, unapewa mtori wa moto na koti la babu. Jaketi msinunue dukani, nendeni Memorial kwenye mitumba, tena kabla ya Juni. Baridi ikishaanza wale jamaa wanapandisha bei bila aibu.

Mpishi wa Sakina

Nyongeza ndogo ya jikoni. Kwa mwinuko wa Arusha maji yanachemka karibu nyuzi 95, hayafiki 100. Maharage ya Dar na ya huku hayaivi kwa muda mmoja, kwa hiyo loweka usiku.

Jingine ni la uhai. Julai watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani wanafunga madirisha. Ule moshi usioonekana unaua watu usingizini. Blanketi la pili ni bei rahisi kuliko msiba.

Mleta mada

Ticha, asante sana. Dogo kachapa maswali mengine hapa, anauliza afike mwezi gani kama ana uhuru wa kuchagua?

Ticha wa Longido

Aje Juni mwanzoni. Barabara zimekauka, majani bado yapo, ng'ombe wanakamuliwa vizuri na maziwa ni bei nafuu. Vumbi atalizoea taratibu. Akija Oktoba ataomba uhamisho kabla hajafungua begi. Nyumba atafute yenye mlango usioelekea upepo, na fenicha za kitambaa azigawe hukohuko Tanga.

Kijana wa Majengo

Kama kuna kochi, mimi nipo Majengo, nalichukua.