Mjadala: Shujaa asiyeacha picha, achorwe?

Mkaa Langoni, Lamu
Jamaa, hamjambo. Uingereza wana jumba la picha za watu wao mashuhuri, pale London, tangu 1856. Marekani walianzisha lao 1962. Kenya, mkusanyo wa sura unaotajwa sana ni wa Joy Adamson, aliyepewa kazi na serikali ya kikoloni mwaka 1949 achore makabila na mavazi yao. Shanga na vilemba kavitoa vizuri mno, ila mwenye sura alifanya nini duniani? Hilo hakuulizwa. Sasa tukijenga jumba letu, Mwana Kupona, yule mshairi wetu wa kale, tutamtundikaje, naye hakuacha picha? Mimi nasema asichorwe. Utundikwe utendi wake wa 1858, kwa herufi zile zile za Kiarabu, ukuta mzima.

Mama wa Barani, Malindi
Ndugu yangu, hapo sikufuati. Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyewapinga wakoloni, ana sanamu hapa mjini kwetu. Wajukuu wakiiona huuliza, "Huyu ni nani, nyanya?" Ndipo nawapa kisa cha 1913, alivyomwambia Mzungu ajaribu kuchukua kifaranga aone kuku atamfanya nini. Maandishi ukutani mtoto atayapita mbio.

Kijana wa Mkomani
Na hao wa London mnaowasifu, picha ya kwanza kuingia jumbani mwao ni ya Shakespeare, na mpaka leo hakuna uhakika kamili kuwa ni yeye. Mbona imetundikwa?

Mkaa Langoni
Ile angalau ilichorwa enzi zake. Yetu itachorwa leo. Mchoraji atamkalisha nani mbele yake? Mpwa wake. Atamvika nini? Buibui lilikuja baadaye, kwa hiyo ni shiraa, ile nguo ya kujisitiri mwili mzima kama hema, na yenyewe wangapi wamewahi kuiona? Kesho kutwa mpwa huyo ndiye Mwana Kupona katika kila kitabu cha shule. Mama aliyeishi kwa sitara, mke wa Mataka, mtawala wa Siyu, tumbandike sura ya mtu mwingine?

Mwalimu mstaafu, Malindi
Ninyi mnagombania marehemu, mimi nahofia walio hai. London kwa miaka mingi hawakupokea picha ya mtu aliye hai, isipokuwa mfalme au malkia na wenzi wao, hadi 1969. Sheria hiyo tuiazime upesi, la sivyo kuta zitajaa magavana kabla rangi haijakauka.

Mama wa Barani
Hapo umenena, Mwalimu. Lakini bado nataka Mekatilili achorwe. Chini yake iandikwe wazi kuwa sura ni ya kubuni.

Mkaa Langoni
Kama ni lazima, bibi, basi na jina la aliyekalishwa liandikwe, na la babake. Wale wa Joy Adamson walikaa mbele ya mchoraji, leo wengi wao tunawajua kwa kabila tu. Kwa Mwana Kupona sijakubali.

Kijana wa Mkomani
Na aliyekalishwa akidai alipwe kila kitabu kikichapishwa?