Ninaomba ushauri: nataka kurejea kazini na kuishi kikamilifu nikitumia kiti mwendo

Mwalimu wa Kemia, Morogoro

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Niliumia uti wa mgongo katika ajali ya barabarani, na tangu hapo miguu yangu haina nguvu wala hisia, ingawa mikono iko salama. Daktari ameniruhusu kurejea kazini. Hata hivyo, tangu nirudi kwa mama yangu mzazi, kila jambo ananifanyia yeye: ananisukuma, ananifulia, ananipakulia chakula, na nikisema nataka kwenda sokoni mwenyewe anaanza kulia. Kiti nilichopewa ni kipana na kizito, na magurudumu yake madogo ya mbele huzama kwenye mchanga wa uani. Nataka kufundisha, nataka kurudi kwaya, nataka kutoka bila kusindikizwa. Nianzie wapi, na nizungumzeje na mama bila kumvunja moyo?

Fundi wa Viti, Moshi

Pole sana, dada. Anzia kwenye kiti, kwa sababu mengi yanayodhaniwa kuwa udhaifu wa mtu ni kasoro ya kiti alichokalia. Kiti kipana humlazimisha mtumiaji kutanua mikono ili ayafikie magurudumu, mabega huumia, na mwili huegemea upande mmoja hadi mgongo unapinda. Kiti kinachokufaa ni kile ambacho ukiweka mkono juu ya gurudumu kubwa, kiwiko kinakunjika kiasi cha nyuzi 100 hadi 120. Kwa njia za mchanga na mashimo, kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele lililosogezwa mbali na miguu hupita vizuri kuliko kile cha magurudumu manne kilichotengenezwa kwa ajili ya sakafu ya hospitali. Kinahitaji nafasi kubwa ya kugeuzia, kwa hiyo pima kwanza milango ya nyumbani na ya darasani.

Usikubali kiti cha msaada kabla ya kupimwa. Mafundi wa fani hii hufundishwa hapa Moshi, katika TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo hospitali ya KCMC, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam nayo hutoa huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa kujitegemea. Chagua kiti chenye tairi na spoki zinazopatikana kwa fundi baiskeli wa mtaani, maana kiti kisichotengenezeka ulipo kitakurudisha kitandani siku ya kwanza kitakapoharibika.

Mama wa Tanga

Marahaba, mwanangu. Natumia kiti mwendo tangu ujana wangu, nimelea watoto na kufanya biashara ya vitenge nikiwa juu yake, kwa hiyo nitasema yale ambayo wanaume humu huyaonea haya. Kinachotufungia ndani sisi wanawake mara nyingi si ngazi. Ni mkojo. Utaona mtu anaacha kunywa maji tangu asubuhi kwa sababu hajui huko aendako kama kuna choo anachoweza kuingia, kisha anaugua maambukizi ya njia ya mkojo mara kwa mara na familia inasema ni safari zinazomchosha. Kunywa maji. Mwombe muuguzi akufundishe kujiwekea mpira wa mkojo na kuutoa mwenyewe, kwa mikono safi na kwa saa maalumu, na shuleni uliza choo kabla ya kuuliza darasa.

La pili ni ngozi. Kwa kuwa huhisi, huwezi kungoja maumivu yakuonye. Kila nusu saa inama mbele, kifua kikielekea mapajani, ukae hivyo dakika moja au mbili, hata kama unafundisha, wanafunzi watazoea. Kila jioni jikague makalio kwa kioo. Ukiona wekundu usioisha, usikalie hapo hadi uishe, kwani kidonda cha kukaa kinaweza kukulaza miezi mingi.

Kuhusu mama yako, usimwambie kwamba huhitaji msaada, kwa sababu atasikia kwamba hahitajiki yeye. Mwombe aketi karibu atazame unavyohama kutoka kitandani kwenda kitini, akushike pale tu utakapomwita. Chukua kazi moja ya nyumbani iwe yako kabisa, kama kuchambua mboga na kuosha vyombo kwenye meza ya kimo chako, kisha uongeze nyingine. Sokoni mwende naye kwanza, wewe ukijisukuma na yeye akibeba kikapu. Hofu yake inatokana na ile siku ya ajali, na itapungua kadiri macho yake yatakavyoona mambo mengine.

Mwanasheria wa Dodoma

Nitasema kwa ufupi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 27 inawataja waziwazi wanaopata ulemavu wakiwa tayari wameajiriwa. Tunayo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mwandikie mkuu wa shule barua, ukiambatisha ripoti ya daktari, na utaje mahitaji yenye vipimo: chumba cha chini, ubao ulioshushwa, na njia ya mteremko yenye uwiano wa 1 kwa 12. Yaani kizingiti cha kimo cha sentimita 30 kinahitaji mteremko wenye urefu wa mita 3.6.

Mwalimu wa Kemia, Morogoro

Ahsanteni sana. Mama nimemsomea maneno ya Mama wa Tanga, na amekubali kukaa pembeni na kunitazama ninapohama. Barua ninaiandika. Kaka fundi, kabla sijasafiri kuja Moshi, nichukue vipimo gani?

Fundi wa Viti, Moshi

Keti juu ya benchi gumu, mgongo ukiwa wima na nyayo zikiwa zimekanyaga. Mama akupime upana wa nyonga, ambao ndio utakuwa upana wa kiti. Apime kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, halafu apunguze sentimita 3 hadi 6 ili ukingo wa kiti usikandamize mishipa. Mwisho apime kutoka nyuma ya goti hadi chini ya kisigino, ukiwa umevaa viatu unavyokwenda navyo kazini, kwa ajili ya vikanyagio. Unene wa mto wa kukalia tutauhesabu ukifika.